Pamba Hagusi Nyasi Kavu: Nimkomeshe kwa Njaa?

Mshauri, salamu.

Siku tisa zilizopita nilichukua sungura wawili kutoka kituo kinacholea wanyama waliotelekezwa. Pamba ni jike mweupe wa miaka minne, ana kilo 3.1 kwenye mizani yangu ya jikoni. Kijivu ni dume wa miaka miwili, kilo 2.2. Wote wamefungwa kizazi, wanapatana, na hulala wamebanana.

Walikuja na mfuko wa chakula walichokizoea: mchanganyiko wa nafaka, njegere kavu, mahindi yaliyobanwa, vipande vya rangi nyekundu na manjano, na peleti chache za kijani (vile vidonge vya chakula kilichobanwa). Bakuli ni moja kwa wote wawili, nalijaza asubuhi na jioni. Nimepima, kwa siku wanamaliza kama gramu 160, lakini zile peleti za kijani hubaki chini. Juu ya hapo kila mmoja hupata nusu karoti na kipande cha ndizi au tofaa, na wanangu huwapitishia biskuti. Nyasi kavu zipo, nimezining'iniza kwenye kikapu cha waya upande wa pili wa banda. Kijivu huchomoa mbili tatu. Pamba hunusa, kisha anageuka.

Siku ya sita, baada ya kusoma kwamba mchanganyiko ule ni mbaya, niliwapa bakuli zima la majani ya aina tano kwa mpigo. Kesho yake Pamba alikuwa na uchafu laini, mweusi, wenye harufu kali, umegandamana kwenye manyoya ya nyuma. Bado anatoa choo cha kawaida cha mviringo, ila vigololi vyake ni vidogo. Mkojo wa Kijivu siku mbili hizi ni wa rangi ya chungwa, na wa Pamba ukikauka unaacha chokaa nyeupe sakafuni.

Je, Pamba anaharisha? Niwape nini hasa, na kiasi gani? Kuna aliyeniambia niondoe kila kitu nibakize nyasi tu, eti akishikwa na njaa atakula. Mwingine kaniambia nimnunulie alfalfa, majani makavu ya mmea wa jamii ya kunde, kwa kuwa ni tamu. Nifuate lipi?

Mfugaji mgeni

*

Ndugu mfugaji mgeni,

Usifuate lolote kati ya hayo mawili. Alfalfa tutairudia. La njaa tulimalize kwanza, maana ndilo linaloua.

Sungura hafungi. Utumbo wake husukumwa na chakula kinachoingia. Kisipoingia, mwendo unapungua, kilichomo ndani kinakauka, gesi inajaa, na maumivu yanamfanya azidi kukataa kula. Kutapika hawezi, kwa hiyo kilichoingia hakina njia ya kurudi. Mnene kama Pamba yuko hatarini zaidi, kwa sababu akikaa bila kula mwili unayeyusha mafuta kwa kasi na kuyarundika kwenye ini hadi linashindwa kazi. Sungura aliyepitisha saa 10 hadi 12 bila kula chochote au bila kutoa choo ni mgonjwa wa dharura, apelekwe kwa daktari wa wanyama hata kama ni usiku wa manane. Dalili zinazotangulia ni kujikunyata pembeni, kusaga meno kwa sauti, masikio kuwa baridi, na kukataa kile anachokipenda kuliko vyote. Kwa hiyo nyasi tutazileta mbele kwanza, na mchanganyiko tutauondoa nyuma yake, polepole. Mpangilio ukiugeuza, ndipo watu huwapoteza sungura wao wiki za mwanzo, huku nia yao ilikuwa njema.

Sasa huo uchafu wa nyuma. Kwa maelezo yako, hiyo si harisho. Sungura ana choo cha aina mbili. Cha kwanza ni hizo gololi kavu unazozifagia, ambazo ni nyuzinyuzi zilizobaki. Cha pili hutengenezwa kwenye sekamu, kifuko kikubwa cha utumbo ambamo bakteria huchachua chembe ndogo za chakula. Hutoka kama kishada kidogo cha zabibu, laini, kinang'aa kwa ute, na kinanuka kweli. Hicho sungura hukila chenyewe, moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri, ndiyo maana mtu anaweza kufuga miaka asikione. Ni chakula chake halali: kina protini, vitamini za kundi B na vitamini K. Pamba anakitoa lakini hakimalizi. Ama kinatoka kingi na chepesi kwa sababu ya wanga na sukari nyingi, ama kitambi hakimruhusu kuinama hadi nyuma, na kwake naona yote mawili. Lile bakuli la majani ya aina tano lilikuja kukoroga zaidi sekamu ambayo tayari ilikuwa imevurugika.

Harisho la kweli ni choo cha majimaji huku gololi zikiwa zimetoweka kabisa. Hilo nalo ni la kukimbilia kwa daktari, usingoje kesho. Na usimpe dawa yoyote iliyobaki kabatini. Amoksilini ya kumeza, ambayo binadamu huinywa bila shida, huua bakteria wema wa sungura na inaweza kumuua yeye mwenyewe.

Kwa usafi, usimtumbukize majini. Sungura akiloweshwa mwili mzima hupoteza joto na huingiwa na hofu. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kilaze juu ya uchafu dakika mbili tatu ulainike, ung'oe kidogo kidogo, kisha mkaushe kabisa hadi kwenye ngozi. Usikate kwa mkasi, kwani ngozi yake ni nyembamba na hujivuta pamoja na manyoya. Kukiwa na joto mkague nyuma mara mbili kwa siku. Nzi hutaga kwenye manyoya machafu, na mayai yanaweza kuangua funza ndani ya siku moja.

Kabla hatujamwita Pamba mdekaji, tumkague kinywa. Hili watu hulisahau, nami naliweka mbele ya orodha yoyote ya vyakula.

Meno yote ya sungura hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka kama milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Magego huliwa kwa kusagana upande kwa upande, na kinachomlazimisha kutafuna hivyo, kwa muda mrefu, ni majani magumu ya nyasi. Nafaka na peleti yeye huzivunja kwa kuzibana juu na chini, kisha anameza. Sungura aliyelishwa mahindi na njegere miaka minne anaweza kuwa na magego yaliyochongoka, ya chini yakikata ulimi na ya juu yakikata shavu. Mnyama wa hivyo hula ndizi vizuri, hula nafaka kwa shida kidogo ambayo huioni, lakini nyasi kavu hunusa na kugeuka. Ndiyo picha uliyonichorea.

Mpe unyasi mmoja mrefu kwa mkono, kisha umtazame usoni kwa dakika kadhaa. Je, anauchukua na kuuangusha? Anatafuna upande mmoja, kichwa kikiwa kimeinama? Gusa kidevu, kimelowa mate? Pitisha kidole chini ya taya lake la chini, kushoto na kulia, uone kama kuna vinundu upande mmoja visivyokuwapo upande wa pili. Jicho moja linatoka machozi? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni safari ya kwa daktari. Jibu la hapana kwa yote halimtoi Pamba shakani, kwa sababu magego yako mbali nyuma na hayaonekani kwa kuinua mdomo. Daktari huyatazama kwa kifaa chembamba chenye taa. Panga uchunguzi huo wiki hii, na umwombe wakati huo huo ampapase mbavu na kukutajia uzito unaomfaa. Nitafanya hesabu zangu kwa kilo 2.5, lakini neno la mwisho ni la aliyemshika. Siku ya safari usimnyime chakula, mchukulie na nyasi za njiani.

Kinywa kikionekana salama, basi kweli ni mazoea, na mazoea yanageuzika.

Tatizo la mchanganyiko ule si kwamba una sumu. Sungura huuchambua. Angalia bakuli lako jioni: vipande vya rangi vimekwisha, mahindi yamekwisha, zile peleti za kijani, ambazo ndizo zenye nyuzinyuzi na madini, zimebaki chini. Wewe unaona chakula kimepungua, kumbe aliyelishwa amelishwa wanga. Ukijaza tena juu ya mabaki unamfundisha kwamba akisusa cha chini kitakuja kitamu kingine. Wanga mwingi ukifika kwenye sekamu huwapa nguvu bakteria wasiotakiwa, na choo laini kinavurugika. Vigololi vidogo navyo vinasema jambo lile lile, kwamba nyuzinyuzi hazitoshi. Kivunje kimoja kwa kucha. Cha sungura anayekula nyasi ni kikubwa, cha rangi ya hudhurungi nyepesi, na ndani kimejaa vipande vya nyasi kama vumbi la mbao lililoshindiliwa. Cha Pamba nadhani utakikuta kidogo, cheusi, kimeshikamana.

Kwa sungura mzima, nyasi ndizo chakula, vingine vyote ni kitoweo. Asilimia 80 hadi 85 ya anachokula kwa siku inatakiwa iwe nyasi, kavu au mbichi. Usizipime, ziwepo saa zote. Kwa kukisia, kila mmoja awekewe rundo la ukubwa wa mwili wake kwa siku, na nusu yake utaitupa. Hiyo si hasara, sungura huchagua mashina anayoyataka.

Ukinunua, fumbata konzi moja. Nyasi nzuri zina rangi ya kijani iliyofifia, zinanukia shamba, na ukiachia mkono zinafunguka zenyewe. Zikiwa za kahawia hazina ladha, na zikitoa vumbi la kijivu au harufu ya stoo yenye unyevu zina ukungu, zitupe. Zihifadhi kwenye sanduku la karatasi ngumu au gunia linalopitisha hewa. Mfuko wa plastiki uliofungwa huzivundika. Nunua kiasi kidogo cha aina mbili tatu tofauti, mathalani nyasi ziitwazo timothi na nyasi mchanganyiko za malisho, ukaone ipi Pamba anaisimamia. Sungura aliyekataa aina moja hajakataa nyasi zote.

Halafu hicho kikapu cha waya kihamishe. Sungura hupenda kula akiwa chooni, ndivyo walivyo. Tia nyasi tele kwenye ncha moja ya beseni la choo, au weka kikapu juu yake kiasi kwamba akikaa kujisaidia pua inazigusa. Beseni liwe refu, aingie mzima na nafasi ibaki, ndipo mkojo uishie upande mmoja na mlo upande wa pili. Badilisha asubuhi na jioni, hata kama za jana hazijaguswa, kwa sababu nyasi zilizolala hupoteza harufu na harufu ndiyo inayomwita. Rundo la pili liweke wanapolala.

Vishawishi vinavyofanya kazi: saga peleti mbili ziwe unga, nyunyiza juu ya konzi ya nyasi na ukung'ute. Katakata mnanaa mkavu uchanganye ndani. Chukua bomba la karatasi la shashi ya chooni, lijaze nyasi kwa kulishindilia, ufiche peleti tatu katikati, umwachie achimbue. Na mgao wa bakuli, kuanzia sasa, uje saa moja baada ya nyasi mpya kuwekwa, kamwe usitangulie. Mara nyingi badiliko hilo la saa peke yake ndilo linalomgeuza mbishi, kwa kuwa analikuta rundo akiwa na hamu lakini hana njaa ya hatari.

Nyasi mbichi pia zinahesabika. Zikate kwa mkasi, mahali pasiponyunyiziwa dawa, pasipo barabara wala kinyesi cha mbwa. Zilizokatwa kwa mashine usiwape. Zimechubuliwa, zinapata joto na kuanza kuchacha ndani ya muda mfupi, kisha zinamalizia kuchacha tumboni. Anza na konzi ndogo ya nyasi mbichi, ongeza kwa siku kumi.

Mchanganyiko utatoka kwa wiki tano. Bandika karatasi ukutani na upime kila kitu kwa gramu, kijiko hudanganya. Wiki ya kwanza gramu 160 zibaki kama zilivyo, wewe shughulika na nyasi tu, ila mabaki ya bakuli yasijaziwe hadi yaliwe. Wiki ya pili toa gramu 140 kwa siku, robo yake peleti mpya, robo tatu mchanganyiko wa zamani. Ya tatu gramu 120, nusu kwa nusu. Ya nne gramu 100, robo tatu zikiwa peleti. Ya tano gramu 80, peleti tupu. Kila mgao ugawe mara mbili, asubuhi na jioni. Usivuke hatua kama choo hakijatulia. Kama gololi zimepungua au zimekuwa ndogo zaidi, rudi hatua moja, kaa hapo siku tano, jaribu tena. Ikichukua wiki nane hakuna aliyeshindwa.

Gramu 80 hizo za mwisho si za kugawana sawa. Kiwango cha juu kwa sungura mzima ni gramu 25 za peleti kwa kila kilo moja ya uzito kwa siku. Kijivu, mwenye kilo 2.2 na asiye na shida ya unene, gramu 50 zinamtosha. Pamba 30. Bakuli moja hapo halifai, kwani Pamba atakula za wote. Weka bakuli mbili na wavu katikati, waonane na kunusana wakati wa kula, dakika 15, kisha uondoe wavu. Usiwatenge vyumba viwili kwa muda mrefu, sungura waliozoeana wakitenganishwa huweza kugombana wakikutanishwa tena.

Kwenye mfuko wa peleti soma maandishi ya nyuma, picha ya mbele haina msaada. Tafuta nyuzinyuzi asilimia 20 au zaidi, wala usishuke chini ya 18. Protini 12 hadi 14, mafuta chini ya 4, kalsiamu kati ya 0.5 na 1. Peleti zote ziwe za rangi moja na umbo moja, asipate cha kuchambua. Chakula cha sungura wa nyama usinunue hata kikiwa rahisi: kimetengenezwa kunenepesha haraka, na Pamba hahitaji msaada huo.

Pima uzito kila wiki, siku ile ile, kabla ya mgao wa asubuhi. Weka beseni kwenye mizani, irudishe sifuri, mweke sungura ndani, andika. Pamba akipungua gramu 30 hadi 60 kwa wiki ni mwendo mzuri. Zaidi ya 60 punguza kasi. Kijivu asipungue kabisa. Akipungua wiki mbili mfululizo mwongezee gramu 5 za peleti na umtazame meno naye.

Majani mabichi, yasimame siku tatu. Gololi zikirudi kuwa za kawaida na nyuma ya Pamba pakikauka, anza na aina moja: majani mawili ya letisi ya kijani kwa kila mmoja, au kijitawi cha giligilani. Kaa nayo siku tatu. Choo kikiwa sawa, ongeza aina ya pili, siku nyingine tatu. Ukileta tano kwa pamoja kisha mambo yakaharibika, hutajua mkosaji ni yupi, na umeshaliona hilo. Baada ya mwezi hivi watakuwa wamezoea mnanaa, mrehani, majani ya karoti, giligilani, letisi za kijani. Kiasi cha mwisho ni kikombe kimoja cha majani yaliyoshindiliwa kwa kila kilo ya uzito, kwa siku, kikigawanywa mara mbili, na aina tatu tofauti kwenye sahani. Spinachi, pasli (parsley) au majani ya bitiruti yasizidi aina moja kati ya hizo tatu, kwa ajili ya asidi ya oksaliki iliyomo ndani yake, inayodhuru ikizidi. Jamii ya kabichi kidogo tu, wengine huwajaza gesi. Letisi nyeupe ya duara, ile ya kukatika kama barafu, ni maji matupu, haina faida. Osha majani na uyape yakiwa bado na matone, maji hayo nayo yanahesabika.

Vya kutowapa kabisa ni parachichi, vitunguu vya kila aina, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, chokoleti, mkate na biskuti, maharage na mbegu kavu.

Karoti. Picha za watoto zimemsambazia sungura sifa asiyokuwa nayo. Mzizi ule una sukari nyingi, majani yake ndiyo mali. Nusu karoti kila siku kwa mnyama wa kilo mbili ni peremende. Ishushe kwa wiki mbili hadi kipande cha unene wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki. Tunda hali kadhalika, kijiko kimoja cha chai mara mbili kwa wiki, na kwa Pamba lisubiri hadi nyuma yake pakae safi mwezi mzima. Biskuti zikome leo, hizo hazina haja ya kuachishwa taratibu.

Mkojo wa Kijivu wa rangi ya chungwa, mara nyingi ni rangi za mimea tu. Umewapa majani siku ya sita, rangi imekuja baada yake, na inaweza kufika hata wekundu wa matofali bila ugonjwa wowote. Damu huja tofauti: madoa au michirizi ndani ya mkojo wenye rangi nyingine, au sungura anajikamua chooni bila kutoa kitu. Ukiwa na shaka, chukua mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mpelekee daktari aupime.

Chokaa ya Pamba inatuleta kwenye alfalfa. Wanyama wengi huchukua kutoka tumboni kalsiamu wanayoihitaji na kuiacha iliyozidi. Sungura huinyonya karibu kwa kadiri anavyoila, kisha ziada anaitoa kwa mkojo, ndiyo maana mkojo wake huwa mzito na kuacha weupe. Kiasi fulani cha weupe ni cha kawaida. Lakini ukiwa kama uji au dawa ya meno, au ukiacha mchanga unaousikia kati ya vidole, kibofu kinajaa mashapo na mawe yanaweza kufuata. Alfalfa ina kalsiamu na protini nyingi kuliko nyasi. Inawafaa sungura wanaokua hadi miezi sita hivi, na wenye mimba au wanaonyonyesha. Pamba ana miaka minne na ni mnene. Usimfanye aizoee. Ikiwa vishawishi vyote vimeshindwa na daktari amesema meno ni mazima, changanya konzi moja ya alfalfa na konzi tisa za nyasi, uivuruge vizuri asiweze kuitenga, na uipunguze hadi iishe ndani ya wiki mbili. Angalia pia mfuko wa peleti zako mpya, nyingi zimetengenezwa kwa alfalfa ingawa mbele zimechorwa nyasi.

Maji wape kwenye bakuli zito la udongo au kauri. Chupa ya kunyonyea hutoa tone moja moja, na sungura aliye nayo hunywa kidogo kuliko anavyotaka. Hesabu mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo, kwa wawili hao, kwa uzito walio nao sasa, ni kati ya mililita 265 na 795 kwa siku. Yakishuka ghafla chini ya hapo bila majani kuongezwa, uliza kwa nini.

Watoto nao wasinyang'anywe furaha ya kulisha. Kila asubuhi toa peleti kumi kutoka kwenye mgao uliokwisha kupima, zitie kwenye kikopo chao, wazigawe mmoja mmoja kwa mkono. Wafundishe kuita "Pamba" kwanza, wangoje aje. Siku atakayokawia kuja wakuambie mara moja, kwa sababu mtoto aliyeshika kikopo huenda akaligundua hilo kabla yako.